Mwaka wa Kwanza wa Kiingereza: Yanayomngoja Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza

Mada kwa wazazi na walezi wa wanafunzi wanaojiunga na shule za sekondari



Kila ifikapo Januari, wakati mvua zimekolea katika uwanda wa juu wa Ufipa na mahindi yanafika magotini, watoto waliohitimu elimu ya msingi huvaa sare mpya na kushika njia ya sekondari. Wako wanaotoka Laela, Mpui na Kaengesa, ambako ukungu wa asubuhi huchelewa kuondoka. Wako wanaotoka Muze, Mtowisa na Ilemba, chini katika Bonde la Ziwa Rukwa, ambako joto huwahi. Wazazi wao wamekwisha kuhangaika na yote yaliyoorodheshwa katika fomu ya kujiunga: sare, viatu, kauntabuku, na godoro kwa anayelala bweni.

Liko jambo moja lisiloandikwa katika fomu hiyo. Mtoto aliyekuwa msemaji hodari wa Darasa la Saba, aliyenyoosha mkono kabla swali halijaisha, huenda akanyamaza. Atakaa kimya katika Biolojia, katika Jiografia, katika Fizikia, na zaidi ya kote katika kipindi cha Kiingereza. Akirudi nyumbani na kuulizwa amesoma nini, atajibu kwa neno moja, kisha atachukua ndoo akachote maji. Mada hii inahusu ukimya huo: unatokana na nini, somo la Kiingereza la mwaka wa kwanza limeandaliwa vipi kuuvunja, na mzazi asiyejua hata neno moja la Kiingereza anaweza kufanya nini.

Lugha inayobadilika kwa siku moja

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza hufundishwa humo kama somo. Mtoto akivuka kizingiti cha sekondari, mambo hugeuka. Kiingereza huwa lugha ya kufundishia karibu masomo yote. Kiswahili hubaki katika somo la Kiswahili lenyewe na, katika mtaala mpya, katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Katika shule ya msingi mtoto alikuwa akijifunza usanisinuru kwa lugha aliyoizoea. Mwezi Januari jani ni lile lile na jua ni lile lile, lakini maneno yote yamebadilika.

Kwa mtoto wa Ufipa safari hiyo ina hatua moja zaidi. Katika nyumba nyingi lugha ya kwanza ni Kifipa, Kimambwe au Kilungu, na kwa familia za wafugaji waliohamia bondeni ni Kisukuma. Kiswahili alikikuta shuleni au sokoni, akakimudu. Kiingereza, basi, ni lugha yake ya tatu. Hilo halipaswi kuonwa kuwa ni upungufu. Mtoto aliyekwisha kujifunza lugha ya pili hadi akafanyia mtihani ameonyesha kuwa kichwa chake kinaweza kubeba ya tatu.

Ugumu huu si mpya wala haukuanza na kizazi hiki. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na Bill Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania wakakuta kwamba wengi wa sekondari hawakuwa na lugha ya kutosha kufuata masomo yao. Mwaka 1987 ukaanza mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, uliosambaza shuleni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa lugha nyepesi. Mjadala wa lugha ya kufundishia unaendelea hadi leo, na una mahali pake. Mtoto anayeingia darasani Jumatatu hawezi kuusubiri uishe. Kinachomfaa mzazi katika historia hiyo ni kujua kwamba mwanawe akikwama mwezi Februari, hakukwama kwa sababu ni mjinga. Amefika mahali ambapo maelfu kabla yake walikwama, na wengi wao walivuka.

Wiki za mwanzo

Kwa kulitambua pengo hilo, shule za sekondari huanza mwaka wa Kidato cha Kwanza kwa kozi ya awali ya Kiingereza. Katika wiki hizo mwanafunzi hafungui moja kwa moja mlango wa Kemia na Fizikia kama mwenye nyumba. Hufundishwa kwanza maneno ya darasani: kusalimia, kuomba ruhusa, kuuliza maana ya neno, kusema kwamba hajasikia vizuri. Hufundishwa pia maneno yatakayorudi kila siku katika masomo mengine, kama vile eleza, linganisha, taja, chora na pima.

Wapo wazazi wanaoziona wiki hizo kuwa muda wa kupotezwa. Humwacha mtoto nyumbani kwa hoja kwamba masomo yenyewe hayajaanza, au humpeleka shule baada ya mwezi, palizi ikiisha. Hakuna kosa linalomgharimu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuliko hili. Asiyejua kusema kwa Kiingereza kwamba hakuelewa hataweza kusema hivyo katika somo lolote hadi Novemba.

Ndani ya kipindi

Kipindi cha sekondari huwa cha dakika 40. Katika dakika hizo mwanafunzi anatarajiwa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kwa miaka mingi mada za Kiingereza cha Kidato cha Kwanza zimekuwa za maisha ya kawaida: kutumia kamusi, kumwelekeza mtu njia, kueleza mambo yanayofanywa kila siku, kueleza linalofanyika sasa hivi, kutaja anachopenda na asichopenda, kuizungumzia familia, kusimulia yaliyopita, kupanga yajayo, kuandika barua ya kirafiki, na kusoma hadithi fupi. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mtoto wa Ufipa hana la kusema juu yake. Anajua njia ya kutoka shuleni hadi mnadani. Anajua mama yake huamka saa ngapi. Anachokosa ni chombo cha kulibebea analolijua.

Yako makosa ambayo karibu kila mwanafunzi atayafanya, na ni vema mzazi ayajue ili asishtuke anapoona wino mwekundu katika daftari.

La kwanza ni la jinsia. Kiswahili husema "yeye" kwa mwanamume na kwa mwanamke, na kitenzi "anapika" hakitaji ni baba au mama. Kiingereza hudai "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke, kila sentensi, bila kupumzika. Mwanafunzi ataandika mara nyingi kwamba mama yake ni mwanamume kabla hajazoea.

La pili ni la nyakati. Neno "anapalilia" kwa Kiswahili laweza kumaanisha kwamba mtu yuko shambani sasa hivi, na laweza kumaanisha kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya kila msimu. Kiingereza hutenganisha maana hizo mbili kwa maumbo mawili. Kiswahili nacho kina njia ya kuzitenganisha, kwani mtu akisema "mama hupalilia", kila msikilizaji anajua kuwa ni desturi. Mwanafunzi anayekumbuka tofauti ya "hupalilia" na "anapalilia" amekwisha kulishika nusu ya somo hilo, na mwalimu mzuri huanzia hapo.

La tatu ni la tahajia. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Kiingereza kina mazoea mengine: neno "knife" huanza kwa herufi isiyotamkwa, na neno "one" husikika kana kwamba limeanza kwa w. Hapa hakuna akili inayoweza kuchukua nafasi ya macho. Tahajia ya Kiingereza hujifunzwa kwa kuliona neno mara nyingi, na ndiyo maana imla na usomaji havikwepeki.

La nne ni la matamshi, na hapa Kiswahili humpa mtoto mtaji. Sauti mbili za Kiingereza zinazowasumbua wageni wengi duniani zimo katika maneno "thelathini" na "dhahabu". Aliyeyatamka vizuri hayo hana sababu ya kuziogopa.

Kamusi na kitabu cha hadithi

Vitu viwili humsaidia mwanafunzi kuliko mkusanyiko wa maswali na majibu unaouzwa stendi. Cha kwanza ni kamusi. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1996, imewavusha wengi. Hata nakala iliyochakaa, au moja inayotumiwa na watoto watatu wa jirani, inatosha kuanzia.

Cha pili ni kitabu cha hadithi. Vitabu viwili vya Richard Mabala vimesomwa katika madarasa ya mwanzo ya sekondari kwa miaka mingi. Mabala the Farmer ni habari ya mtu aliyepoteza kazi mjini akaenda kijijini kujifunza kilimo; Hawa the Bus Driver inamhusu mwanamke anayeendesha basi. Mtoto wa mkulima anaposoma juu ya mtu wa mjini anayetaabika na jembe, anajikuta anajua jambo ambalo mhusika hajui. Hucheka. Anayecheka amekwisha kuelewa, ingawa hakutafsiri kila neno.

Pale ambapo vitabu ni vichache, mwanafunzi anaweza kuazima shuleni au kwenda maktaba ya mkoa iliyoko mjini Sumbawanga. Mzazi mwenye simu janja anaweza pia kumfungulia Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Nusu saa ya simu kila Jumamosi kwa kazi hiyo ina faida kuliko inavyodhaniwa.

Ukimya wa aina mbili

Wakulima wa zamani wa Ufipa walisifika kwa kilimo cha intumba. Mkulima aligeuza nyasi na kuzifukia ndani ya matuta ya mviringo mvua zikiendelea, akaziacha zioze, na msimu uliofuata udongo huo ukalisha ulezi wake. Mpita njia asiyejua angeona shamba limelala, kumbe kazi ilikuwa inaendelea chini.

Uko ukimya wa mwanafunzi unaofanana na huo. Mtoto husikiliza, hukusanya maneno, hajathubutu kuyatoa. Ukimya huu hudumu wiki chache na hauna madhara, mradi kila siku kitu kinafukiwa ndani.

Uko ukimya mwingine, wa woga. Huu huanza siku mwanafunzi anapokosea neno na darasa zima likamcheka. Hukomaa pale anapochapwa au kuvishwa kibao kwa kosa la kuongea Kiswahili uwanjani. Katika shule nyingi nchini husomeka ukutani maneno "No English, No Service", yaani asiyesema Kiingereza hahudumiwi. Nia yake ni njema: lugha haikui pasipo kutumiwa. Lakini mtoto aliyefungiwa Kiswahili kabla hajapewa Kiingereza hana lugha yoyote iliyobaki mkononi. Hujifunza njia moja tu ya kutokosea, nayo ni kutosema.

Dalili ya ukimya huu ni rahisi kuitambua. Mwalimu huuliza darasa kama wameelewa. Darasa lote huitika kwa sauti moja kwamba wameelewa. Mwalimu huendelea, na miongoni mwa walioitikia wako kumi ambao hawakupata hata kichwa cha somo. Sauti hiyo ya pamoja huwaficha vizuri kuliko ukuta. Kwa hiyo walimu wanahimizwa kuuliza mmoja mmoja, kukubali jibu lenye makosa na kulisahihisha kwa upole, na kueleza kwa Kiswahili pale maana inapopotea, kisha kurudi kwenye Kiingereza. Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wajibu wa darasa la mwaka wa kwanza ni kumfanya mtoto aweze kuuliza bila hofu.

Palizi, umbali na mahudhurio

Kiingereza cha Kidato cha Kwanza hujengwa kwa ngazi. Aliyekosa wiki mbili za wakati uliopita hataelewa wiki ya masimulizi, na asiyeelewa masimulizi hatasoma hadithi. Somo jingine laweza kuwa na mada zinazosimama peke yake; lugha haina.

Bahati mbaya ngazi za mwanzo huangukia Januari na Februari, majira ambayo mahindi na maharage yanadai jembe, na mikono ya kijana wa miaka kumi na minne inaonekana kuwa ya lazima. Hakuna asiyejua kwamba shamba ndilo linalomlisha mtoto huyo. Hata hivyo shamba laweza kupaliliwa jioni, Jumamosi, au kwa kusaidiana na majirani, na somo lililopita halirudiwi kwa sababu ya mmoja. Mzazi anayelazimika kumtumia mtoto siku ya shule amwarifu mwalimu wa darasa, na amtafutie mtoto daftari la mwenzake siku hiyo hiyo.

Umbali nao huchangia. Anayetembea saa moja na nusu kwenda na muda kama huo kurudi hufika na uchovu ambao haufanani na uzembe, ingawa kwa macho unaweza kuonekana hivyo. Anayepanga chumba karibu na shule, katika yale yaitwayo mageto, ana muda, lakini hana mtu wa kumuuliza jioni amejifunza nini. Kila hali ina dawa yake, na mzazi ndiye anayeijua hali ya mwanawe.

Mzazi asiyejua Kiingereza

Wapo wazazi wanaojitenga na masomo ya sekondari kwa kusema kwamba hayo ni ya wenye Kiingereza. Huko ni kujinyima kazi ambayo hakuna mwalimu anayeweza kuifanya kwa niaba yao.

Jioni, baada ya chakula, mzazi anaweza kumwambia mtoto aeleze somo moja la siku hiyo kwa Kiswahili au kwa Kifipa. Anayeweza kumweleza bibi yake jinsi mmea unavyotengeneza chakula ameelewa. Kilichobaki ni maneno. Asiyeweza kulieleza kwa lugha yoyote hakuelewa, hata kama daftari lake limejaa mwandiko mzuri ulionakiliwa ubaoni. Kwa njia hiyo mzazi hupima uelewa bila kujua neno moja la kigeni.

Anaweza kumwomba asome kwa sauti ukurasa mmoja wa Kiingereza, kila siku, mbele ya wadogo zake. Msikilizaji hahitaji kuelewa. Msomaji ndiye anayezoea kuisikia sauti yake katika lugha hiyo, mahali ambapo hakuna wa kumcheka.

Anaweza kufungua daftari na kutazama mambo matatu: tarehe, ili aone kama kuna siku zilizorukwa, alama za mwalimu, ili aone kama kazi zinasahihishwa, na masahihisho, ili aone kama mtoto ameandika upya alichokosea. Akikuta kurasa nyingi hazina alama, anayo haki ya kumwona mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule na kuuliza kwa heshima.

Anaweza pia kuilinda saa moja ya taa. Paneli ndogo ya sola inayochaji simu za nyumba nzima inaweza kumwangazia mtoto kwa saa hiyo.

Na la mwisho, asimcheke wala asimlinganishe na mtoto wa ndugu aliyesoma shule ya Kiingereza tangu chekechea. Huyo alianza mapema, naye huenda hajui Kifipa cha babu yake. Kila mmoja ana deni lake la kulipa.

Mbele ya safari

Mwishoni mwa mwaka wa pili mwanafunzi atakutana na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na asiyefikia kiwango hurudia kidato. Miaka miwili baadaye ni mtihani wa Kidato cha Nne. Katika hatua zote mbili Kiingereza ni somo la lazima, na karatasi za masomo mengine mengi zimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaweza kujua chanzo cha mmomonyoko wa udongo kwa kuwa ameuona kwa macho katika miteremko ya Lyamba lya Mfipa, akakosa alama kwa sababu hakulielewa swali.

Ndiyo maana mwaka wa kwanza una uzito kuliko unavyoonekana. Haumdai mtoto azungumze kama mtangazaji wa redio. Unamdai mambo machache: awepo darasani, aulize, asome kila siku, akosee na kusahihisha. Ifikapo Novemba, mtoto aliyeweza kuandika ukurasa mmoja juu ya familia yake, wenye makosa lakini unaoeleweka, ameitimiza kazi ya mwaka. Na mzazi aliyemuuliza kila jioni amejifunza nini, akaketi kusikiliza jibu, ameitimiza yake.